Umbali wa Fundi: Viungo Bandia na Uhandisi wa Tiba Masasi na Newala

Uhandisi wa tiba, yaani taaluma inayounganisha fizikia, hesabu na ufundi wa vyuma, plastiki na umeme ili kurekebisha au kusaidia mwili wa binadamu, umepiga hatua kubwa katika kipindi cha miaka 80 iliyopita, hata vikabaki viungo vichache ambavyo havijatafutiwa mbadala wala msaada. Lenzi ya jicho iliyotiwa ukungu hubadilishwa kwa plastiki, vali ya moyo iliyoharibika hubadilishwa kwa kaboni na chuma, sikio la ndani husaidiwa na nyaya za platini, na mkono uliokatika huweza kufuatwa na mkono wa mota unaoongozwa na umeme wa misuli iliyobaki. Maendeleo hayo yote hupokewa kwa shangwe siku kifaa kinapofungwa mwilini. Hata hivyo, kwa jamii za vijijini kama zile za Chidya, Lulindi, Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, swali zito huanza siku inayofuata: kifaa kikichakaa, kikibana, kikivunjika au kikihitaji kupimwa, nani atakishughulikia, mahali gani, na kwa fedha ya nani? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ubora wa kiungo bandia hautenganiki na umbali uliopo kati ya mtumiaji na fundi wake, na kwamba maendeleo ya uhandisi ambayo hayakuuhesabu umbali huo ni maendeleo nusu.

Ukanda huu una historia ndefu ya tiba. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walifika Masasi mwaka 1876, na miongoni mwa matunda ya kazi yao ni shule ya Chidya na hospitali ya Lulindi, ambako daktari mpasuaji Leader Stirling alianza kazi mwaka 1935 katika mazingira magumu, kabla ya kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania kati ya 1975 na 1980. Wabenediktini nao walijenga Ndanda, ambayo hospitali yake imeendelea kuwa kimbilio la wagonjwa wa kusini, na serikali ikaimarisha Mkomaindo mjini Masasi pamoja na hospitali ya Newala. Kwa hiyo mkono wa kupasua haukukosekana kabisa. Mguu uliooza uliweza kukatwa na maisha ya mgonjwa yakaokolewa. Pengo lilikuwa katika kazi inayofuata baada ya kisu, kwa sababu kutengeneza mguu bandia ni taaluma tofauti na upasuaji, yenye karakana yake, vipimo vyake na shule yake.

Shule hiyo ilipatikana mwaka 1981, pale serikali ya Tanzania, kwa msaada wa Ujerumani, ilipoanzisha chuo cha TATCOT katika eneo la hospitali ya KCMC mjini Moshi, ambacho kimefundisha mafundi sanifu wa viungo bandia wa Tanzania na wa nchi nyingine nyingi za Afrika. Dar es Salaam ilipata CCBRT mwaka 1994, hospitali iliyojikita katika huduma za watu wenye ulemavu, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, mwaka 1996. Taasisi hizi ni hazina ya taifa zima, lakini kutoka Masasi hadi Moshi kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000, na hata Dar es Salaam ni safari ya siku nzima ambayo mtu mwenye gongo moja huilipia nauli yake na ya msindikizaji, akaongeza malazi na chakula kwa siku zote za kupimwa na kujaribishwa.

Ili umuhimu wa umbali huo uonekane vizuri, inafaa vifaa vinavyobadili au kusaidia viungo vipangwe kwa kigezo ambacho vitabu vya uhandisi hukiweka nyuma, nacho ni kiasi cha matunzo ambacho kila kifaa hukidai baada ya kuwekwa. Kwa kigezo hicho hupatikana makundi matatu: vifaa vinavyowekwa mara moja na kuachwa, vifaa vinavyotaka uangalizi wa kitabibu maisha yote, na vifaa vinavyochakaa na kubadilishwa mara kwa mara kwa sababu vinagusana na ngozi, ardhi na kazi.

Kundi la kwanza linawakilishwa vyema na lenzi bandia ya jicho. Mtoto wa jicho ni hali ambayo lenzi ya asili hupoteza uangavu wake, na tiba yake ni kuitoa lenzi hiyo. Kwa karne nyingi aliyetolewa lenzi alibaki na jicho lililopungukiwa mno na uwezo wa kukusanya mwanga, mpaka tarehe 29 Novemba 1949, daktari Harold Ridley alipoweka lenzi ya plastiki ndani ya jicho la mgonjwa katika hospitali ya St Thomas' mjini London. Ridley alikuwa amewachunguza marubani wa vita waliopigwa na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege, akabaini kwamba vipande hivyo vilikaa machoni mwao bila kuleta uvimbe, na kutokana na uchunguzi huo akahitimisha kwamba plastiki hiyo ingeweza kuvumiliwa na mwili. Wenzake walimpinga kwa miaka mingi. Leo upasuaji huo hufanyika kwa maelfu kila siku duniani, na tangu mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab cha Madurai, India, kimeishusha bei ya lenzi hadi dola chache. Kambi ya madaktari wa macho ikifika Newala kwa wiki moja, mzee aliyeshikwa mkono na mjukuu huweza kurudi nyumbani akiiona njia mwenyewe. Ingawa kwa baadhi ya wagonjwa utando wa nyuma ya lenzi huja kupata ukungu na kuhitaji tiba ndogo, lenzi yenyewe haina betri, haina kokwa na haihitaji fundi. Sehemu kubwa ya mafanikio yake vijijini imetokana na sifa hiyo.

Kundi la pili ni gumu zaidi, na mfano wake ni vali bandia ya moyo. Homa ya baridi yabisi, ambayo huanzia kwenye maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa, huweza kuziharibu vali, ile milango midogo inayoielekeza damu upande mmoja ndani ya moyo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, hufanya upasuaji wa kubadilisha vali hizo, na Mtanzania hana tena lazima ya kuvuka bahari kwa huduma hiyo. Lakini damu inapopita kwenye vali ya kaboni huelekea kuganda, na kwa hiyo mgonjwa hunywa dawa ya kuzuia mgando, inayoitwa wofarini, kwa maisha yake yote. Kipimo chake kikizidi, mgonjwa huvuja damu. Kikipungua, vali huziba au bonge la damu hupanda kwenye ubongo. Kiasi cha mboga za majani kama kisamvu na mchicha, zenye vitamini K, hubadili nguvu ya dawa hiyo, na vivyo hivyo dawa nyingine nyingi. Kwa mama mjamzito, wofarini ina hatari kwa mtoto aliye tumboni. Kwa sababu hizo kasi ya kuganda kwa damu hupaswa kupimwa tena na tena. Msichana wa Chidya aliyewekewa vali Dar es Salaam ameokolewa kwa kweli pale tu kipimo hicho kinapopatikana karibu naye mwezi hata mwezi, na ndiyo maana daktari anayechagua kati ya vali ya kaboni, inayodumu lakini inayotaka wofarini, na vali ya tishu za mnyama, isiyotaka dawa hiyo kwa muda mrefu lakini inayochakaa upesi kwa vijana, hulazimika kuuliza mgonjwa anaishi wapi kabla ya kuuliza kifaa kipi ni bora.

Upandikizaji wa kifaa cha usikivu, ambao Hospitali ya Taifa Muhimbili iliuanza mwaka 2017, una masharti yanayofanana na hayo. Nyaya nyembamba huingizwa ndani ya koa la sikio, yaani mfereji uliojiviringa wa sikio la ndani, ili kuuchochea mshipa wa fahamu moja kwa moja, huku kichakataji kinachovaliwa nje kikigeuza sauti kuwa mapigo ya umeme. Mtoto aliyewekewa kifaa hicho mapema huweza kujifunza kusema, mradi kichakataji kirekebishwe mara kwa mara, betri zipatikane, na mzazi afundishwe namna ya kumzoesha sauti kwa miaka kadhaa. Upasuaji huchukua saa chache, na mafunzo yanayofuata huchukua utoto mzima.

Kundi la tatu, ambalo ndilo kubwa na ndilo lililosahauliwa zaidi, ni la miguu na mikono bandia, viatu maalumu, vishikizo vya miguu na viti mwendo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaovipata ni asilimia 3 tu ya wanaovihitaji. Kinachofanya kundi hili liwe gumu huonekana katika utengenezaji wa mguu bandia wa chini ya goti.

Kazi huanza na soksi nyembamba inayovalishwa kwenye kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa. Juu ya soksi hiyo fundi huweka alama za wino usiofutika kwenye kano iliyo chini ya pia ya goti, kwenye kichwa cha mfupa mdogo wa muundi na kwenye ncha ya mfupa mkubwa, kisha huzungushia bandeji za hogo zilizolowekwa maji. Hogo likikauka huvuliwa na kujazwa uji wa plasta, na umbo la plasta linapotoka hubeba zile alama za wino. Hapo fundi huanza kuchonga: hupunguza plasta chini ya pia ya goti, kwa kuwa kano ya mahali hapo huweza kubeba uzito wa mwili, na huongeza plasta juu ya kichwa cha mfupa mdogo, ambapo ngozi ni nyembamba na mshipa wa fahamu umepita karibu. Bamba la polipropilini, plastiki ngumu isiyoharibiwa na maji, hupashwa moto katika tanuri hadi nyuzijoto 180 hivi, likavikwa juu ya umbo hilo likiwa laini, na pampu ikafyonza hewa mpaka plastiki ishike kila bonde na mwinuko. Kikombe kinachopatikana huitwa soketi. Mtumiaji hutembezwa kwa dakika chache kati ya mihimili miwili, akavua, na fundi akaisoma ngozi: wekundu unaofifia upesi ni dalili ya kubeba uzito ipasavyo, na wekundu unaokawia ni onyo la kidonda, hivyo plastiki hupashwa moto tena mahali hapo na kusukumwa nje. Milimita chache za plasta ndizo zinazoamua kama mguu huo utavaliwa kila siku au utatundikwa ukutani.

Teknolojia hii ya polipropilini iliendelezwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu kwa ajili ya majeruhi wa mabomu ya ardhini, hasa nchini Kambodia, na sifa yake kuu ni kwamba bei yake ni nafuu na marekebisho yake ni rahisi. Lakini hata mguu mzuri una umri. Katika mwaka wa kwanza kigutu hupungua uvimbe, na soketi iliyobana mwezi wa pili hupwaya mwezi wa nane. Unyayo wa mpira huchakaa katika muda wa miaka michache. Na mtoto anayekua huhitaji soketi mpya kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Mtoto aliyekatwa mguu akiwa na miaka saba atahitaji miguu kadhaa kabla hajafika utu uzima, na huduma inayompa mguu mmoja tu imempa mwaka mmoja wa kutembea.

Mazingira ya Uwanda wa Makonde, ambako Newala ipo, huongeza uzito wa hoja hii. Udongo wa kichanga wa uwanda huo haushiki maji juu ya ardhi, na ndiyo maana kwa vizazi vingi kina mama walishuka magenge kwenda kuchota maji na kupanda nayo kichwani. Ndoo ya lita 20 huongeza kilo 20 kwenye kigutu ambacho soketi yake ilipimwa kwa uzito wa mwili mtupu, na mteremko huhamisha uzito huo kutoka nyuma ya unyayo kwenda mbele, hivyo unyayo usiokunjika humsukuma mtembeaji kuanguka. Unyayo wa kawaida wa Ulaya na Marekani ulibuniwa uvaliwe ndani ya kiatu, juu ya sakafu na lami, na mtu anayekaa kwenye kiti. Mwaka 1968, fundi Ram Chandra Sharma na daktari P. K. Sethi wa Jaipur, India, walibuni unyayo wa mpira unaokunjika pande nyingi, unaowezesha kuchuchumaa, kutembea pekupeku na kuingia kwenye majaruba ya mpunga. Funzo lao linaihusu Newala moja kwa moja: mhandisi anayebuni mguu wa mkulima wa korosho hana budi kujua kwamba mtu huyo huinama kutwa nzima kuokota korosho chini ya mikorosho, hulima kwa jembe la mkono na hutumia choo cha shimo.

Kwa upande wa mikono, mvuto wa teknolojia ya juu ni mkubwa zaidi. Mkono wa umeme hufanya kazi kwa vitambuzi vinavyogusa ngozi ya kigutu na kunasa umeme mdogo sana unaozalishwa na msuli unapokazwa. Kikuza-umeme huukuza, na mota hufunga au kufungua vidole. Ni kazi ya kustaajabisha, lakini jasho huvuruga vitambuzi, vumbi huingia kwenye mota, na betri hudai umeme wa uhakika. Watafiti Elaine Biddiss na Tom Chau wa Toronto, katika mapitio yao ya mwaka 2007 yaliyokusanya tafiti za miaka 25, walikuta kwamba wastani wa watu wazima walioiacha mikono ya umeme ulikuwa asilimia 23, na walioiacha mikono ya kamba, inayovutwa kwa bega, ulikuwa asilimia 26. Tofauti hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na tofauti ya bei, na inaonyesha kwamba mtu hukiacha kifaa kinapomchosha, kinapomuumiza au kinaposhindwa kazi yake ya kila siku, hata kiwe cha kisasa namna gani. Mkono wa kamba wenye ncha inayoshika mpini wa jembe, na ambao kamba yake huweza kubadilishwa na fundi baiskeli wa Masasi, unastahili heshima kamili ya uhandisi.

Afrika Mashariki yenyewe imekwisha kutoa mifano ya uhandisi unaoanzia kwenye mahitaji ya mahali. Nchini Uganda, tatizo la mguu kifundo, yaani mtoto kuzaliwa na unyayo uliopinda kuelekea ndani, hutibiwa kwa njia ya Ponseti, ambayo huunyoosha mguu kwa mahogo yanayobadilishwa kila wiki na kisha huulinda kwa kishikizo kinachovaliwa usiku mpaka mtoto afike miaka minne au mitano. Mguu hupinda tena pale kishikizo kinapokosekana, na vishikizo vya kuagiza vilikuwa ghali. Michiel Steenbeek, akifanya kazi na kituo cha Katalemwa karibu na Kampala, alibuni kishikizo cha ngozi na nondo nyembamba ambacho fundi viatu na fundi wa kuchomelea huweza kukitengeneza kwa malighafi ya sokoni, na ubunifu huo ukasambaa katika nchi nyingi. Mambo ya kiafya yaliyomo ndani yake, kama pembe ya unyayo na upana wa nondo, hayakulegezwa hata kidogo. Kilichobadilika ni mahali ambapo kifaa huweza kuzaliwa na kutengenezwa upya.

Mfano wa pili umetoka Mbale, mashariki mwa Uganda, katika hospitali ya watoto ya CURE. Mtoto mwenye kichwa kikubwa kutokana na maji yanayojaa kwenye ubongo kwa kawaida huwekewa mrija unaoyapeleka maji hayo tumboni, lakini mrija huo huweza kuziba, na ukiziba mtoto hufa asipofikishwa kwa mpasuaji haraka. Daktari Benjamin Warf alionyesha kwanza kwamba mrija wa India wa takriban dola 35 ulifanya kazi sawa na wa Marekani wa takriban dola 650. Kisha akaenda mbele zaidi, akaunganisha upasuaji wa kutoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo na uunguzaji wa tishu inayoyazalisha, ili watoto wengi wasihitaji mrija kabisa. Utafiti uliofanywa hukohuko Mbale na kuchapishwa mwaka 2017 haukuona tofauti kubwa ya ukuaji wa akili, baada ya mwaka mmoja, kati ya watoto wa njia hizo mbili. Warf alikuwa ametambua kwamba kwa mtoto wa kijiji cha mbali, kifaa kisichokuwepo hakiwezi kuziba usiku wa manane.

Katika mifupa iliyovunjika, ambayo pikipiki za bodaboda zimeiongeza kila wilaya, msumari wa SIGN umefuata mantiki hiyohiyo. Msumari wa kawaida wa ndani ya mfupa hufungwa kwa skrubu ambazo daktari huzielekeza kwa mashine ya eksirei inayoonyesha picha papo hapo katika chumba cha upasuaji, nayo haipatikani katika hospitali nyingi. Lewis Zirkle, daktari wa Marekani aliyeanzisha shirika la SIGN mwaka 1999, alibuni kielekezi cha chuma kinachofungwa nje ya mguu, ambacho matundu yake hulingana na matundu ya msumari uliofichika ndani, na MOI ni miongoni mwa taasisi zilizoutumia kwa wingi. Mfupa ukiunga vizuri, mguu haukatwi, na hakuna kiungo bandia kitakachohitajika.

Kuokoa kiungo cha asili, kwa hakika, ndiko kilele cha taaluma hii. Wahudumu wa wagonjwa wa ukoma, ugonjwa ulioshughulikiwa kwa miaka mingi na misheni za kusini, walijua kwamba unyayo usiohisi maumivu huharibiwa na msukumo wa kawaida wa kutembea, na kazi ya daktari Paul Brand huko Vellore, India, ilithibitisha kwamba soli laini inayotawanya uzito huzuia kidonda. Elimu hiyo sasa inawahusu wagonjwa wa kisukari, ambao mishipa yao ya fahamu huweza kufa ganzi vivyo hivyo. Mradi wa Hatua kwa Hatua, ambao daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa waasisi wake mwaka 2004, ulifundisha wahudumu wa afya wa mikoa namna ya kukagua nyayo na kutibu vidonda mapema ili miguu isikatwe. Makatambuga yaliyowekwa soli laini na fundi viatu aliyefundishwa ni kifaa cha uhandisi wa tiba kama ilivyo vali ya kaboni.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanafaa kudaiwa kwa niaba ya Masasi na Newala. La kwanza ni kliniki ya viungo bandia inayotembea kwa ratiba isiyobadilika, ikifika Mkomaindo, Ndanda au Newala mara kadhaa kwa mwaka pamoja na tanuri na mabamba yake, na ratiba hiyo ifuate kalenda ya wakulima: baada ya minada ya korosho, wakati kaya zina fedha, na kabla mvua hazijaharibu njia. La pili ni kuwafundisha mafundi waliopo, yaani fundi viatu, fundi baiskeli na fundi wa kuchomelea, matengenezo madogo ya mikanda, soli, kamba na magurudumu ya viti mwendo, chini ya usimamizi wa wahitimu wa TATCOT, huku ikiwekwa mipaka wazi ili soketi, ambayo ikikosewa huleta kidonda, ibaki mikononi mwa mtaalamu. La tatu ni fedha: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imekwisha kutambua haki ya vifaa saidizi, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatoa nafasi ya kuitekeleza, mradi kitita cha huduma kitaje matengenezo na ubadilishaji wa kifaa, pamoja na ununuzi wake wa kwanza.

Inawezekana kupinga kwamba mpango wa namna hii unawanyima watu wa vijijini teknolojia bora. Pingamizi hilo linastahili kujibiwa kwa uzito, kwa sababu hakuna anayepaswa kupangiwa kifaa duni kwa kuwa amezaliwa mbali na mji. Uchapishaji wa soketi kwa kompyuta, ambao hospitali ya CoRSU ya Uganda imeufanyia majaribio, huenda siku moja ukawezesha kigutu kupimwa Newala na umbo lake kurekebishwa Moshi bila mgonjwa kusafiri, na teknolojia ya aina hiyo inafaa kukaribishwa kwa mikono miwili kwa sababu inaufupisha umbali. Kipimo kiwe kimoja kwa mpya na kwa kongwe. Taarifa za misaada huhesabu miguu na viti mwendo vilivyokabidhiwa siku ya hafla. Wizara, halmashauri na wafadhili wanapaswa kuhesabu wangapi bado wanatembea navyo baada ya miaka mitatu, na kuchapisha idadi hiyo kwa kila wilaya. Idadi hiyo ikianza kudaiwa, watengenezaji watabuni vifaa vinavyotengenezeka, halmashauri zitaajiri mafundi, na mkulima wa Chidya atahesabiwa kama mtumiaji mwenye haki ya kuhudumiwa maisha yake yote.